Shule Ilimshinda, au Aliacha Shule?

Wapo wanaolalamika kwamba akili unde imekuja kuuharibu utafiti wa elimu, kwa kuwa mahojiano ya wazazi na walimu sasa yanasomwa na mashine. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba mkono wa mtu umekuwa ukijiondoa polepole katika kazi hiyo. Mwaka 1967, Barney Glaser na Anselm Strauss walipotoa kitabu chao kuhusu kujenga nadharia kutokana na data, mtafiti alitegemea kadi, kalamu za rangi na mkasi. Mwaka 1981, Lyn na Tom Richards wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Australia, walianza kuunda NUD*IST, programu ya kuchanganua data kama za mahojiano, iliyoizaa NVivo. NUD*IST ilipanga tu; kubuni misimbo, yaani majina ya mada yanayobandikwa kwenye maneno ya wahojiwa, kulibaki kazi ya binadamu. Mwaka 2023, miezi michache baada ya ChatGPT kutoka, ATLAS.ti, programu nyingine ya aina hiyo, ikaanza kupendekeza misimbo yenyewe.

Lakini mchukue mzazi wa Mahoo, kule Taveta mpakani, anayesema kuhusu bintiye, "Shule ilimshinda." Katika nakala ya Kiingereza, binti huyo "ameacha shule". Kinywani mwa mzazi, shule ndiyo iliyomshinda mtoto: karo, njaa, umbali, pengine hesabu. Kwenye nakala, mwenye kosa ni mtoto. Sentensi imepinduliwa kabla mashine haijawashwa, na ilikuwa ikipinduliwa hivyohivyo enzi za mkasi. Akili unde hurithi kosa hilo, kisha hulisambaza kwenye mahojiano mia kwa dakika chache.

Watetezi watasema, basi ipewe Kiswahili chenyewe. Hoja nzito hiyo, hasa kwa mwanafunzi wa uzamili asiyemudu leseni ya programu wala kumlipa msaidizi. Ila Taveta mazungumzo huweza kuanza kwa Kitaveta, yakaingia Kiswahili, yakarudi. Kidawida cha majirani kimebahatika: watafiti wa Kenya wamekusanya matini zake sambamba na Kiswahili, pamoja na za Kikalenjin na Kidholuo. Kitaveta hakimo katika mkusanyo huo.

Na binadamu je, hakosei? Hukosea sana, tena kwa ukaidi. Lakini nakala ikiwa na safu mbili, maneno ya mzazi kushoto na tafsiri kulia, mashine ikiandika "kuacha shule" mwalimu yeyote wa Mahoo ataweka kidole pale lilipo kosa.