Mbwa mwitu wa Idaho na watu waliofukuzwa kama wao

Kama umekaa YouTube vya kutosha, lazima umekutana na ile video ya mbwa mwitu na mito. Mbwa mwitu wanarudishwa Yellowstone, kulungu wanaogopa kulisha kando ya maji, miti inamea tena, hadi mto unabadilisha njia. Mimi mwenyewe niliisambaza kila mahali. Ukweli ni kwamba wanasayansi bado wanabishana, na utafiti uliotoka 2024, baada ya miaka 20 na zaidi, ulionyesha mimea ya kando ya vijito haikurudi kirahisi vile tulivyoambiwa. Lakini leo sijaja kubishana kuhusu mito. Kuna watu ambao ile video haikuwataja kabisa, na bila wao hii hadithi haijakamilika.

Kwanza tuelewane. Huku kwetu mbwa mwitu ni yule mwenye madoadoa na masikio ya duara. Hapa naongelea yule wa nchi za baridi, wa kijivu, babu wa mbwa wako wa nyumbani.

Twende Idaho, jimbo lililopakana na Yellowstone. Hapo na majimbo jirani waliishi Nimiipuu, ambao Wafaransa waliwapa jina Nez Perce. Mwaka 1863, baada ya dhahabu kupatikana kwenye ardhi yao, waliletewa mkataba uliowanyang'anya karibu asilimia 90 ya eneo walilokuwa wamebakishiwa. Baadhi ya machifu walikataa kutia saini. Mwaka 1877 jeshi likaja kuwahamisha kwa nguvu, na watu kama 800, wazee na watoto ndani, wakakimbia kuelekea Kanada. Walipita katikati ya Yellowstone, hifadhi iliyokuwa na miaka 5 tu, na wakakutana na watalii humo ndani. Imagine! Wengi wao walishikwa wakiwa wamebakisha kama kilomita 64 tu kufika mpakani.

Baada ya watu, zamu ikawa ya wanyama. Walowezi walimaliza nyati na kulungu, wakajaza ng'ombe na kondoo. Mbwa mwitu naye akala kile alichokipata. Jibu likawa sumu, mitego na zawadi kwa kila mzoga. Kuanzia 1915 serikali kuu yenyewe iliajiri wawindaji wa kuwamaliza, na 1926 wa mwisho waliojulikana Yellowstone wakauawa. Kufikia miaka ya 1930, sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani haikuwa na mbwa mwitu tena.

Halafu fikra zikabadilika. Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini ilipita 1973. Mwaka 1995 na 1996, mbwa mwitu 31 walitolewa Kanada wakapelekwa Yellowstone, na wengine 35 wakaachiliwa Idaho. Nchi ileile ambayo Nimiipuu wengi hawakufika ndiko mbwa mwitu walikotoka.

Sasa hapa ndipo ilinishika. Bunge la Idaho lilikataa. Lilizuia idara yake ya wanyamapori kushiriki. Serikali kuu ikabaki na mbwa mwitu bila mtu wa kuwasimamia. Nani alijitolea? Nimiipuu. Kabila lililofukuzwa ndilo lililochukua kazi ya kuwafuata msituni, kuwavisha kola za redio, kuhesabu watoto, na kukaa chini na wafugaji waliopoteza mifugo. Lengo la majimbo matatu lilikuwa mbwa mwitu 300 na jozi 30 zinazozaa, kwa miaka mitatu mfululizo. Lilitimia 2002. Kufikia mwisho wa 2005, Idaho peke yake ilikuwa na zaidi ya 500.

Na kazi ilipokuwa imeiva, 2006, jimbo likaichukua. Mwaka 2011 Bunge la Marekani likawaondolea ulinzi mbwa mwitu wa Idaho na Montana. Mwaka 2021 Idaho ikapitisha sheria inayomruhusu mwindaji kununua vibali bila kikomo. Wapinzani wake walisema inaweza kumaliza asilimia 90 yao. Asilimia 90 tena.

Sitaki kumfanya mfugaji wa Idaho kuwa adui wa sinema. Kondoo akiuawa usiku, hasara ni yake, si ya mtu wa mjini anayependa picha. Kulikuwa na shirika la uhifadhi lililolipa fidia kwa miaka mingi, lakini pesa hailipi usiku wa kukosa usingizi. Colorado walipiga kura 2020, kurudisha mbwa mwitu kukapita kwa zaidi kidogo ya asilimia 50, na kura nyingi za ndiyo zilitoka mijini. Mbwa mwitu wakaachiliwa mashambani, upande wa magharibi. Unaona shida?

Hii si hadithi ya wazungu pekee. Laikipia, ardhi ambayo Wamaasai walihamishwa na wakoloni kuanzia 1911, ilipoteza mbwa mwitu wake wa madoadoa miaka ya 1980. Karibu mwaka 2000 wakarudi wenyewe, bila helikopta. Wengi waliishi kwenye ardhi za wafugaji, wakila digidigi. Pale wachungaji waliposhinda na mifugo yao mchana na kuifungia boma usiku, mbwa mwitu hawakuwa tatizo kubwa. Ujuzi huo ni wa wachungaji. Haukuletwa na hoteli yoyote.

Kwa hivyo ukiniuliza kama mbwa mwitu warudishwe, jibu langu ni ndiyo. Ila swali la kwanza lisiwe wangapi. Liwe nani analala karibu nao. Huyo ndiye apewe kazi, fidia ifike kwa wakati, na sauti yake ihesabiwe kabla ya kura ya mtu kama mimi, ambaye mnyama mkali pekee ninayekutana naye ni kondakta wa matatu saa kumi na moja jioni. Na akishaifanya kazi ikafaulu, asinyang'anywe.