Mimea ya lupango: ushahidi wa wazee na maua ya wageni

Ukitaka kujua historia ya lupango fulani, usianze na nyumba. Nyumba hubomolewa na kujengwa tena. Angalia kwanza mimea inayoizunguka: ni ya namna gani, ilitoka wapi, na nani aliyekuwepo siku ilipopandwa. Leo wengi wetu tunachagua maua ya lupango kwa macho tu. Tunapita barabarani, tunaona mmea mzuri kwa jirani, tunaomba kipande, tunapanda. Wazee wetu walichagua namna nyingine, na sababu zao hazijapitwa na wakati, hasa leo ambapo kesi za udongo zinajaza mabaraza na kuvunja jamaa.

1. Mmea ulikuwa neno

Katika Bushi, mtu aliweza kupata shamba kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kalinzi: alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa aliyemwakilisha, naye akapewa udongo wa kudumu ambao watoto wake wangerithi. Ya pili ni bwasa: kupewa shamba kwa muda mfupi tu, kwa malipo madogo, kisha kurudisha.

Tofauti ya njia hizo mbili ilionekana kwa mimea. Mwenye kalinzi alipanda migomba na miti. Mwenye bwasa alipanda maharagwe, mtama au viazi, vitu vya kuvuna na kumaliza. Akijaribu kupanda mgomba, kesi ilizaliwa. Juu ya nini? Kwa sababu mmea wa kudumu ni neno. Unasema: hapa ni kwangu, na kesho pia ni kwangu.

Basi, kwa mupaka, haukutakiwa mmea wowote tu. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, drasena ilipendwa sana kwa kazi hiyo. Wanyarwanda wanaiita umuhati. Ukitazama tabia yake utafahamu mara moja. Inapandwa kwa kipande cha shina, haidai mbegu. Ukiikata kichwa, inachipuka pembeni. Haipanuki na kula shamba la mwenzako. Inaweza kusimama pale pale mpaka wajukuu wakazeeka. Hata mbali na sisi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga wanapanda drasena hiyo mipakani na wanaiita isale. Kwao, anayetaka kuomba msamaha hupeleka jani lake kwa aliyemkosea. Mmea uleule unatenga mashamba na kupatanisha watu.

Kuna pia ule mti wa maua mekundu kama moto, unaotoa maua wakati matawi bado hayana majani. Wanyarwanda wanauita umuko. Warundi wanauita umurinzi, jina linalotokana na kulinda. Gumba lake ni nene na laini kama kizibo, kwa hiyo moto wa majani makavu haukuui kwa urahisi. Ukisimika gogo lake bichi, linaota. Hadithi za Lyangombe, zinazojulikana Bushi na Rwanda, zinauheshimu sana mti huu: nyati alipomwua yule shujaa, ndio uliompokea. Ni nani angethubutu kung'oa mti kama huo usiku ili asogeze mupaka?

Kwa ua wa nyumba na mifugo, wengi walitumia mnyaa, ambao Wanyarwanda wanauita umuyenzi. Hauna majani ya kuonekana, vijiti tu vya kijani. Utomvu wake mweupe unachoma, na ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Ng'ombe na mbuzi wanauepuka. Ndiyo maana ulifaa.

2. Maua yaliyokuja kwa meli

Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Leopold II ilitoa amri kwamba udongo usio na mwenyewe ni mali ya Serikali. Lakini macho ya mgeni hayakusoma drasena wala umuko. Mahali ambapo mwenyeji aliona alama, mgeni aliona pori. Katika mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ambayo ilipewa madaraka ya kugawa udongo mwingi kwa walowezi. Mashamba ya kahawa na ya kwinini yakafuata, na pamoja nayo bustani.

Mimea mipya ilikuwa na milango yake. Huko Kisantu, Frère Justin Gillet, Mjezuiti, alianzisha bustani maarufu mwisho wa karne ya 19. Bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, ilianzishwa mwaka 1900. Baadaye, INEAC iliundwa mwaka 1933, na kwetu Kivu ilikuwa na kituo cha Mulungu, upande wa Kabare. Humo mimea ya nchi za mbali ilijaribiwa na kuzidishwa.

Mbelgiji kwao alizoea vichaka vinavyobaki kijani mwaka mzima na vinavyokatwa kwa makasi mpaka vinanyooka kama ukuta, pamoja na miti midogo ya jamii ya sipresi isiyokua mirefu. Kwao, mmea sugu ni ule unaoshinda theluji. Bukavu, mji ulioitwa Costermansville, uko kwenye meta 1500 hivi, na baridi yake ya asubuhi ilimkumbusha nyumbani. Akapanda sipresi na tuya ya China. Akaongeza ibiskus ya Asia na bugenvile ya Brazili, ambayo ina jina la Bougainville, baharia Mfaransa aliyepita Rio de Janeiro mwaka 1767.

Sipresi yenyewe ina historia ya kuchekesha. Jina lake la kisayansi linasema ni ya Ureno, kumbe asili yake ni Mexico na Guatemala. Watawa wa Buçaco huko Ureno waliipanda tangu karne ya 17, na mtaalamu aliyeipa jina alidhani ni ya huko. Hata mmea unaweza kupewa cheti cha uongo!

Ua uliokatwa vizuri ukawa alama ya heshima ya Ibanda, mtaa wa wazungu. Na kwa kuwa ibiskus na bugenvile zinashika kwa kipande tu, hazikukawia kufika hata Kadutu na Bagira. Nyuma ya uhuru wa 1960, mwenye lupango yenye sipresi alionekana mtu aliyefaulu.

3. Kidukari kilitufundisha nini?

Katika mwaka 1986, mdudu mdogo anayenyonya maji ya sipresi, aina ya kidukari, alionekana Malawi. Mwaka 1990 alikuwa amefika Kenya, na nchi za Maziwa Makuu hazikupona. Ua ulianza kuwa rangi ya udongo toka ndani, tawi kwa tawi, kisha ukakauka.

Somo liko wazi. Sipresi ina udhaifu ambao wakataji wa ua wanaujua: ukikata mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, pale hapachipuki tena. Drasena inachipuka, mnyaa unachipuka, hata ibiskus inachipuka. Tena, mahali palipopandwa aina moja tu, ugonjwa mmoja unatosha kumaliza ua mzima.

Kwa hiyo, neno "sugu" lazima lipimwe kwa mahali. Hapa kwetu hatuna theluji. Taabu zetu ni jua la Juni mpaka Agosti, mvua inayoteremsha udongo, mbuzi wa jirani, na panga la mwenye tamaa. Mmea unaoshinda hivyo vinne ndio mmea sugu.

4. Na sisi tuchague nini?

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilithibitisha kwamba udongo wote ni mali ya Taifa, na mwenye kutaka haki yake iandikwe lazima apimiwe na kusimikiwa borni. Ni vizuri kufanya hivyo. Lakini borni ni jiwe fupi. Udongo ukiteremka, borni inateremka nao. Mtu akiifukua, haitoi kilio. Vivyo hivyo ukuta wa matofali usio na msingi mzuri mlimani: mvua kubwa moja inauangusha kwa jirani wa chini.

Basi, tuunganishe mambo. Kwenye mupaka wenyewe, drasena, kwa kuwa haisogei na inaishi muda mrefu. Kwenye mteremko, mimea yenye mizizi ya kushika udongo. Mbele ya nyumba, ibiskus na bugenvile, juu uzuri nao ni chakula cha moyo. Mwenye kupenda sipresi aipande, lakini aichanganye na vingine na aikate mapema, ingali kijani. Kama kuna watoto wadogo, mnyaa ukae mbali nao. Na lantana, yenye maua mazuri ya rangi nyingi, iogopwe: ndege wanatawanya mbegu zake kila mahali, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Lakini jambo kubwa kuliko yote halipatikani kwa muuza miche. Mmea wa mupaka uliopandwa na mtu mmoja usiku ni chanzo cha kesi. Uliopandwa mchana, jirani akiwa ameshika upande wake wa kamba, wazee wakitazama na watoto wa nyumba mbili wakiwa wamesimama hapo, ni ushahidi. Wale wazee watakufa, karatasi inaweza kuungua au kupotea. Wale watoto watabaki, na siku watakapoulizwa wataweza kuonyesha kwa kidole: ni hii hapa, tuliona ikipandwa.