Msafara wa pembe, meli ya Kigoma na diski zako tatu

Una diski tatu kuukuu, na data zako haziingii kwenye hata moja? Linux inaziunganisha zikawa volyumu moja kwa LVM, programu ambayo Heinz Mauelshagen aliiandika mwaka 1998. Lakini kabla hujagusa kibodi, twende Tabora kwanza.

Karne ya 19, pembe zilitoka Tabora kwenda Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 30. Mpagazi akitoroka, umepotea mzigo mmoja tu. Iliyobaki inafika pwani.

Baadaye reli ikafuata karibu njia ileile. Meli Graf von Götzen, leo MV Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapita Tabora kwa treni hadi Kigoma, ikashushwa ziwani 1915. Hapo sasa, hebu poteza masanduku ya injini!

Wengi tunadhani LVM ya kawaida ni msafara. Kumbe ni meli: mafaili yametandazwa juu ya diski zote, hivyo moja ikifa volyumu nzima huenda isifunguke, hata kama mbili ni nzima. Mimi nililijua hilo nikiwa katikati ya tasnifu. Siku hizi natumia raid1 ndani ya LVM hiyohiyo: kila kitu kinaandikwa mara mbili, nafasi inabaki nusu.