Injini ya kuazima: viwanda vidogo na pikipiki nyepesi za safari

Mwaka 2004 waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, waliondoka London kwa pikipiki kuelekea New York wakizunguka upande wa mashariki, kupitia Ulaya, Urusi na Mongolia. Walipanda BMW R1150GS Adventure, pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 250 hata kabla ya kufungwa mizigo. Kwenye tope la Mongolia mashine hizo ziliwatoa jasho: walianguka, wakainua, wakasukuma, wakaanguka tena. Mpiga picha wao, Claudio von Planta, alivunjikiwa na fremu, akanunuliwa hukohuko Izh Planeta, pikipiki ya Kirusi ya silinda moja iliyobuniwa enzi za Wasovieti. Izh ilikuwa na vituko vyake vya kuzimika njiani, lakini tope lilipozidi wepesi wake ulionekana wazi.

Safari hiyo ilipoonyeshwa kwenye televisheni kwa jina la Long Way Round, watazamaji waliona kila kitu: jasho, maporomoko, na kile kipikipiki chekundu kikipita. Kisha wakaenda madukani kununua BMW kubwa. Mwaka 2007 waigizaji walewale wakarudi barabarani, safari hii kutoka Scotland hadi Cape Town, wakipita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania juu ya R1200GS Adventure, na biashara ya pikipiki nzito za safari ikazidi kushamiri. Katika historia yote ya pikipiki za nje ya lami sijui ushahidi mwingine uliotolewa hadharani namna hiyo na kupuuzwa kirahisi namna hiyo.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Yamaha XT500, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa na silinda moja ya cc 499 na uzito wa kilo 140 hivi. Haikuwa na radieta wala kompyuta, na kuiwasha ni kupiga kiki. Thierry Sabine alipoanzisha mbio za Paris-Dakar, zilizoondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, kijana Mfaransa wa miaka 22, Cyril Neveu, alishinda upande wa pikipiki akiwa na XT500. Mwaka uliofuata akashinda tena. Kwetu Afrika Mashariki wadogo wa pikipiki hiyo tuliwafahamu kwa kazi, si kwa mbio: Yamaha DT na Honda XL za mabwana shamba, mapadri na wahudumu wa afya, zilizopita wakati wa masika kwenye vijia ambavyo dereva wa gari alivitazama tu akageuza.

Jangwa ndilo lililobadilisha mambo. Mchanga ulio wazi na mwendo wa kasi vinalipa nguvu ya injini kuliko wepesi. BMW ilitoa R80 G/S mwaka 1980, yenye silinda mbili na karibu cc 800, na Hubert Auriol akaishindia Dakar mwaka 1981 na 1983. Gaston Rahier, Mbelgiji mfupi wa kimo aliyeonekana kupotea juu ya tenki lake, akashinda 1984 na 1985. Honda ikajibu kwa NXR750, Yamaha na Cagiva zikafuata, na kila kiwanda kikawauzia wateja wake pikipiki iliyofanana na ile ya mbio. Honda Africa Twin ilizaliwa hivyo. Miaka ilivyokwenda tenki likapanuka, kioo cha upepo kikapanda, masanduku ya aluminiamu yakaning'inizwa ubavuni.

Wakubwa hawakukosea kibiashara. Mteja wao wa Ujerumani au Marekani alikwenda kazini kwa lami siku zote tano za juma, na Sahara aliiota. Pikipiki ya kilo 250 inatulia kwenye barabara kuu, inabeba mke na mizigo, na faida yake kwa kiwanda ni nono.

Wachache walioipenda njia mbovu yenyewe walijitengenezea. Austin Vince na wenzake waliizunguka dunia mwaka 1995 na 1996 kwa Suzuki DR350. Lois Pryce alitoka London hadi Cape Town kwa Yamaha TTR250, akipita Sahara, Kongo na Angola. Hizi zilikuwa pikipiki za kawaida zilizofungwa tenki kubwa na vyuma vya kubebea mizigo na wenye nazo. KTM ya Austria, iliyokuwa na 640 Adventure ya silinda moja, iliacha kuitengeneza mwaka 2007. Pengo likabaki wazi.

Kuliziba si kazi ndogo kama wanavyodhani wasiojua gereji. Pikipiki ya mbio za enduro ina uzito wa kilo 110 hivi, lakini injini yake imekamuliwa: mafuta yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa, si maelfu ya kilomita. Huwezi kuvuka nchi kwa injini ya namna hiyo. Injini inayovumilia, kwa upande wake, ina vyuma vinene na uzito wake. Safari ndefu inadai petroli, na lita 20 peke yake zinakaribia kilo 15. Fremu inayobeba mizigo ni nzito kuliko isiyobeba. Kila unapoongeza uwezo wa kufika mbali unaondoa sababu ya kuwa mwepesi. Anayetaka vyote viwili lazima apate injini iliyo katikati, nyepesi na yenye subira, na kubuni injini mpya kunahitaji fedha ambazo kiwanda cha watu wachache hakijawahi kuwa nazo.

Basi viwanda vidogo vimeishi kwa injini za wengine. Alan Clews wa Bolton, kaskazini ya Uingereza, alianza hivyo hasa. Mwaka 1971 kampuni kubwa ya BSA, ikiwa njiani kufa, ilifunga idara yake ya mashindano. Clews, mwendesha motokrosi, alinunua spea zilizobaki, akaanza kuunda pikipiki nyumbani kwake. Za mwanzo ziliitwa Clews Stroka. Kampuni ikaja kuitwa CCM. Moyo wake wa kwanza, kwa hiyo, ulitoka kwa maiti ya kiwanda kingine.

Mwaka huohuo wa 1971, Italia, Piero Sironi na Fausto Vergani walianzisha SWM. Wao walipata injini zao nyingi kutoka Rotax ya Austria, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa muuzaji wa injini kwa nusu ya viwanda vidogo vya Ulaya. SWM ilianguka mwaka 1984. Muundo wa pikipiki yake moja ulichukuliwa na kampuni ya Kiingereza ya Armstrong, ambayo wakati huo ilikuwa imeshainunua CCM, ukazaa MT500, pikipiki ya jeshi la Uingereza yenye injini ya Rotax. Mwaka 1987 Armstrong ikauza haki za pikipiki hiyo kwa Harley-Davidson, na Clews akakinunua tena kiwanda chake. Ukifuatilia karatasi za viwanda hivi utaona ukoo mmoja, watu walewale na mashine zilezile zikibadilishana majina kwenye tenki.

CCM iliendelea kwa Rotax, kisha kwa injini za Suzuki, ikiyumba na kusimama. Halafu ukaja mkosi wa BMW uliogeuka bahati ya Bolton. Mwaka 2008 BMW ilikuwa imeleta G450X, pikipiki ya enduro ya cc 450 iliyokusudiwa kuwatisha KTM. Injini yake ilitengenezwa na Kymco huko Taiwan. BMW ilikuwa pia imeinunua Husqvarna, kampuni nyingine ya pikipiki za enduro, mwaka 2007, na haikuona haja ya kulisha farasi wawili wa mbio zilezile. G450X ikasitishwa baada ya miaka michache tu. Injini nzuri ikabaki bila pikipiki.

CCM iliichukua, ikaipunguza makali hadi nguvu za farasi 40 hivi ili idumu, na kuijengea pikipiki mpya. GP450 Adventure ilionyeshwa mwishoni mwa 2013 na kuanza kuuzwa 2014 kwa takribani pauni 8,000. Fremu yake haikuchomelewa. Vipande vya aluminiamu viliunganishwa kwa gundi ya viwandani na boliti, ufundi ambao watengenezaji wa ndege wanaufahamu zaidi kuliko mafundi wa pikipiki. Ilibeba petroli lita 20 hivi, ilikuwa na kioo cha upepo na nafasi ya mizigo, na uzito wake ikiwa kavu ulikuwa kama kilo 125, nusu ya ile BMW ya Mongolia. Sasa mtu aliweza kuingia dukani akatoka na pikipiki nyepesi ya safari iliyokwisha kuandaliwa. Kwa maoni yangu hakuna kiwanda kikubwa kilichokuwa kimejaribu kwa ujasiri huo.

Haikudumu. Sheria za Ulaya za hewa chafu, Euro 4, zilianza kubana pikipiki zote mpya mnamo Januari 2017, zikija pamoja na sharti la breki za ABS kwa pikipiki za juu ya cc 125. Kwa Honda hilo ni kazi ya idara moja. Kwa kiwanda cha Bolton, chenye injini iliyobuniwa na Wajerumani, ikaundwa na Wataiwani, na kuachwa na mwenyewe, ni mlima. Mwaka huohuo CCM iligeukia Spitfire, pikipiki ya mtindo wa zamani ya kupendezea barabarani, inayouzwa kwa matoleo machache na kwa bei ya juu. GP450 ikaishia hapo. Kiwanda kidogo kinachonunua injini ni mpangaji: anaweza kupaka rangi kuta na kupanda maua, lakini mwenye nyumba akiuza, anahama.

Hata hiyo Spitfire ilihamia kwenye nyumba ya kupanga. Injini yake ya cc 600 inatokana na Husqvarna ya zamani ya Italia. BMW ilipoiuza Husqvarna mwaka 2013 kwa Stefan Pierer, bosi wa KTM, uzalishaji ulihamishiwa Austria, na kiwanda cha Biandronno karibu na Varese kikabaki kitupu. Mhandisi Ampelio Macchi, akiwa na fedha za kampuni ya Kichina ya Shineray, alikiingia mwaka 2014 na kulifufua jina la SWM. Silinda moja ileile kubwa ikawekwa kwenye SWM Superdual. Ikaenda pia Ureno kwa AJP, kampuni iliyoanzishwa na António Pinto mwaka 1987, ambako ikawa moyo wa PR7, pikipiki ndefu ya safari yenye mtindo wa Dakar. Viwanda vitatu katika nchi tatu vikawa vinakula kutoka chungu cha injini moja ambayo wakubwa walikuwa wameichoka.

Wakubwa nao hawakulala. Royal Enfield ya India ilitoa Himalayan mwaka 2016, imara na ya bei nafuu, ingawa si nyepesi. BMW ilileta G310GS, iliyoundwa India na TVS, kampuni ileile ambayo pikipiki zake zinabeba abiria wa bodaboda Kampala na Mwanza. KTM ilitoa 390 Adventure mwaka 2020, ikiundwa India na Bajaj. Nyingi ya hizi zina uzito wa kilo 160 na kuendelea, kwa sababu bei ya chini inatokana na chuma, si aluminiamu ya kugundishwa. Uhusiano wa KTM na Bajaj uliishia pasipotarajiwa: Novemba 2024 KTM iliomba ulinzi wa mahakama ikiwa imezidiwa na madeni, wadai wakakubali kulipwa asilimia 30 ya walichodai, na mwaka 2025 Bajaj, ambayo sisi tunaijua kwa magurudumu matatu na Boxer, ikatoa fedha na kushika usukani.

Aliyeufungua ukurasa mpya kabisa ni Zhang Xue, fundi aliyeanzisha Kove mjini Chongqing. Mji huo ni makao ya Loncin, Lifan na Zongshen, na mtu anayetaka silinda, shokapu au sanduku la gia hahitaji kuandika barua Austria. Tangu 2011 Dakar imezuia injini zaidi ya cc 450, hivyo wepesi umerudi kuwa sheria hata kwenye mbio zilizowahi kuutupa. Kove ilipeleka pikipiki tatu kwenye Dakar ya 2023, na zote tatu zilimaliza. Mwaka huohuo ikaanza kuuza nje 450 Rally, pikipiki ya kilo 145 ikiwa kavu, yenye matenki ya lita 30 hivi, kwa bei ya Marekani inayokaribia dola 9,000. Ni ndoto ya GP450 ikiwa na petroli zaidi. Zhang mwenyewe aliondoka Kove mwaka 2024 na kuanzisha kampuni nyingine, jambo linalowatia wasiwasi kidogo waliokwisha kununua.

Kwa hiyo msomaji unayepima kutoa fedha kwa pikipiki ya kiwanda kidogo, iwe ya Ulaya au ya Chongqing, usianze na kilo wala nguvu za farasi. Uliza injini ni ya nani, nani mwingine anaitumia, na pistoni yake itapatikana wapi mwenye kiwanda akibadili nia. Mwenye GP450 ana jibu zuri kuliko unavyodhani, kwa kuwa baadhi ya spea za injini yake zinatafutwa kwa jina la BMW.