Pua, Feleji na Jina la Mhunzi

Wahenga wametuachia methali isemayo: "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Maana yake yajulikana: mtoto asipoirithi kazi ya mzazi wake kwa ukamilifu, hakosi kuambulia sehemu yake. Lakini wengi wanaoitamka leo hawalitumii neno "kusana" mahali pengine popote. Kusana ni kufua chuma. Neno hilo limetoka katika mazungumzo ya kila siku, likabaki ndani ya methali kama kisu ndani ya ala yake. Hali ni hiyo hiyo kwa "fuawe", chuma kinacholazwa chini ili kingine kifuliwe juu yake. Kwa "mivukuto", inayoupulizia moto. Na kwa "pua", chuma kigumu kinachoshika makali, ambacho kijana wa leo akikisikia hudhani inazungumzwa habari ya uso. Na lipo "feleji", jina la pua bora ya panga, ambalo sasa makazi yake ni kamusi na tungo za kale.

Watu hawaweki akiba ya maneno kwa jambo wasilolijua. Hata hivyo, yanapotajwa makala bora ya chuma duniani, pwani ya Afrika Mashariki haitajwi. Inatajwa Dameski.

Pua ya Dameski ilisifiwa kwa mambo mawili: ukali wake, na mawimbi yanayoonekana juu ya bapa la upanga, mfano wa maji yaliyopigwa na upepo mwanana. Wataalamu huigawa katika namna mbili. Ya kwanza ilitokana na chuma kilichoyeyushwa pamoja na kaboni ndani ya chungu kilichofungwa, kazi iliyosifika kusini mwa Bara Hindi na Sri Lanka. Mwaka 1998 John Verhoeven na Alfred Pendray walieleza kuwa mawimbi yake yalitegemea chembechembe za madini kama vanadi, kwa kiasi kidogo mno, zilizokuwamo ndani ya chuma tangu machimboni. Ya pili ni pua ya tabaka: vipande vya chuma kigumu na chuma laini hupangwa pamoja, hutiwa moto mkali, kisha hufuliwa mpaka vikashikana na kuwa kitu kimoja. Kigumu hutoa makali, laini huzuia kisu kisivunjike.

Je, jina la Dameski lilitokana na soko lake, au na kitambaa chenye mawimbi? Hoja zote mbili zina watu wake. Lisilo na shaka ni kwamba chuma chenyewe, kwa sehemu kubwa, hakikuzaliwa katika mji huo. Mnunuzi aliliita pambo lake kwa jina la alikolipata, wala hakuuliza lilikopita.

Lilikopita ndiko kunakotuhusu. Katika karne ya kwanza, kitabu cha Kigiriki cha safari za Bahari ya Hindi, Periplus, kilieleza kwamba mikuki, mashoka na visu vidogo vililetwa Rhapta kutoka Muza, bandari ya Yemeni. Pwani wakati huo ilikuwa ikinunua. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake kwa Mfalme Roger wa Pili wa Sisili, na humo mambo yamegeuka. Anaeleza kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma nayo ikiwa biashara yao kuu, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, kikasifiwa huko kwa ubora wake. Al-Idrisi hakufika pwani hii. Aliandika kwa kusikia. Lakini ardhi nayo imetoa ushahidi. Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki mengi ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Galu, kusini mwa Mombasa, Chapurukha Kusimba na wenzake walipata chuma chenye sifa za kuyeyushwa chunguni.

Hapana awezaye kuuchukua upanga mmoja wa jumba la makumbusho na kuapa kwamba chuma chake kilitoka Malindi. Ila njia ya biashara yaonekana wazi. Chuma kilipanda jahazi hakina jina, kikashuka pwani nyingine, kikafuliwa, kikauzwa tena, na jina likapewa soko la mwisho.

Bara nako kulikuwa na mabingwa. Upareni, ukoo wa Washana ulikuwa ukoo wa wahunzi, na jina lao lalingana na kile kitenzi cha methali, kusana. Historia ya Wapare aliyoiandika Isaria Kimambo inaeleza kwamba Washana walishika uongozi wa Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Mhunzi na mtawala walikuwa kitu kimoja. Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, mabaki ya tanuri za kale yalionekana kuwa na umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba Wahaya walikuwa wakipata pua yenye kaboni ya kadiri ndani ya tanuri moja, kwa joto kubwa. Walidai kuwa siri ilikuwa katika mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kuufikia mkaa. Dai hilo lilizua mjadala mrefu miongoni mwa wataalamu.

Jambo moja katika habari hiyo linastahili kutazamwa zaidi ya joto la tanuri. Wazee wa Kihaya waliowaonyesha watafiti kazi hiyo katika miaka ya 1970 walikuwa wameiacha tangu ujana wao. Majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yaliingia, tanuri zikazimwa. Ilibidi wazee wakumbushane, wajaribu na kurudia, mpaka mikono ikakumbuka. Lau watafiti wangechelewa miaka 20, pengine pasingekuwa na wa kuulizwa.

Ndipo tunapofika Ubungo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitaka mkulima wa Tanzania alime kwa jembe la Tanzania. Kwa msaada wa China, kikajengwa Ubungo, si mbali na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kiwanda cha zana za kilimo kilichojulikana kwa herufi zake, UFI. Kikatoa majembe na mapanga kwa wingi ambao hakuna mhunzi wa kijijini angeufikia. Neno "kiwanda" lenyewe lilikuwa limesafiri: zamani lilikuwa uwanja wa fundi, mahali anapokaa na fuawe lake; sasa likawa jengo lenye mashine na mamia ya wafanyakazi. Zilipoingia sera za soko huria katika miaka ya 1980 na 1990, zana za nje zikajaa madukani, na UFI haikubaki na nafasi iliyokuwa nayo.

Lakini fuawe halikunyamaza. Gerezani na pembezoni mwa barabara kuu za Dar es Salaam, mafundi wa jua kali wanafua visu, patasi na mapanga kutokana na springi za magari mabovu. Uchaguzi huo si wa kubahatisha: chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kushika makali, na fundi ayajua hayo kwa mlio wa nyundo, bila kuwa na maabara.

Mbali na hapo, Marekani, mfua visu William Moran alionyesha mwaka 1973 visu vya pua ya tabaka vilivyoamsha upya sanaa hiyo. Waliomfuata wamebuni njia ya mkebe. Kisanduku cha chuma hujazwa gololi za beringi, vipande vya mnyororo na tupa zilizochakaa, na unga wa pua hujaza nafasi zote. Hufungwa kwa kuchomelewa ili hewa isiingie, hupashwa moto mpaka rangi ya manjano iliyoiva, kisha hufuliwa au kukandamizwa hadi vyote viwe bonge moja. Mkebe huondolewa, kisu hukatwa na kuchongwa, na mwisho hutiwa dawa kali. Pua yenye nikeli hubaki nyeupe, ya kaboni hugeuka nyeusi, na ua hujitokeza. Visu hivyo huuzwa kwa bei kubwa, navyo bado huitwa Dameski.

Gololi, minyororo na tupa chakavu zimejaa katika gereji za Ubungo. Kinachotenganisha kisu cha jua kali na kile cha mkusanyaji tajiri si chuma. Moran alipiga jina lake juu ya bapa, na mnunuzi alilipia jina hilo. Fundi wa pwani huuza kisu kitupu, kama babu zake walivyouza chuma kitupu kwa wenye majahazi.

Washairi wa pwani waliijua hatari hii mapema. Ndiyo maana, katika beti za tamati, wengi wao walitaja jina, mji na wakati wa kutunga, ili anayesoma asije akasema tungo ni ya aliyeinakili. Mhunzi hakupata beti hiyo. Wazee wa Buhaya walipata wa kuwauliza. Mafundi wa Gerezani na Ubungo wako hai, nyundo ziko mikononi, na maneno ya kazi yao bado yamo vinywani. Anayetaka kuyaandika hana haja ya kufukua ardhi. Inatosha avuke barabara, aketi karibu na mvukuto, na aanze kwa kuuliza jina.