Kampuni Inapoanguka, Mdau ni Nani?

Wengi wetu tukisikia Kilwa hukumbuka ile ya pwani ya Tanzania. Ipo Kilwa nyingine, kisiwa cha Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, Zambia. Historia ya mwambao huo imefungamana na kampuni ya shaba ya ng'ambo, Katanga: Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906. Vijana wa Luapula walikwenda kuchimba huko, na samaki wa eneo hilo walipelekwa Elisabethville, sasa Lubumbashi, kulisha wachimbaji. Kiswahili kikawa lugha ya kazi migodini.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwenye hisa akawa mmoja tu, serikali, naye alikamua ng'ombe bila kumlisha. Uzalishaji uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ulikuwa chini ya tani 20,000 mwaka 2003. Mishahara ililimbikizwa, shule na hospitali za kampuni zikadhoofika. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mkupuo, pungufu ya madai yao. Mpango uliitwa "kuondoka kwa hiari".

Sisi walimu wa lugha tulipime neno hilo. Asiyelipwa miezi mingi ana hiari gani? Tukifundisha neno "mdau", tumtaje mchimbaji huyo, na mvuvi wa Mweru aliyemlisha. Hesabu za kampuni hazikuwaandika kuwa wenye hisa, lakini anguko lake liliwafikia.