Pointi Moja: Jinsi Nottingham Forest Walivyopanda Daraja Mwaka 1977

Wapenzi wa kandanda wa rika kubwa wakitajiwa Nottingham Forest, hukumbuka mara moja Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya, ambalo timu hiyo ya Uingereza ililitwaa mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na mwaka 1980. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka miwili tu kabla ya kombe la kwanza, timu hiyo hiyo ilikuwa Daraja la Pili, ikihangaikia nafasi ya tatu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu imenizoesha kulisoma jalada kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, makombe nitayaacha kidogo, niueleze msimu wa 1976/77, kwa kuwa ndio uliofungua mlango.

Meneja wa Forest alikuwa Brian Clough. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuipandisha Derby County mwaka 1969 na kuipa ubingwa wa Uingereza mwaka 1972. Lakini mwaka 1974 Leeds United walimwachisha kazi baada ya siku 44 tu. Alipofika Forest Januari 1975, wengi walimwona kama mtu aliyekwisha kuanguka. Msimu huo timu ilimaliza ya 16, na msimu uliofuata ikawa ya nane. Ilikuwa hatua mbele, lakini si hatua ya kumtisha mtu.

Julai 1976 akaja Peter Taylor kuwa msaidizi wake. Wawili hao walifahamiana tangu walipokuwa wachezaji wa Middlesbrough, Clough akiwa mshambuliaji na Taylor mlinda mlango. Baadaye waliongoza pamoja Hartlepool, Derby na Brighton. Clough alipokwenda Leeds, Taylor alibaki Brighton. Sisi tuliokaa maofisini tunajua kwamba mkubwa hodari bila naibu hodari ni nusu ya mkubwa. Clough alikuwa na ulimi na amri. Taylor alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji. Mkono mmoja haulei mwana.

Hawakuja na wachezaji wapya kumi na mmoja. John Robertson, Martin O'Neill, Viv Anderson, Ian Bowyer na Tony Woodcock walikuwa pale hata kabla ya Clough. Nahodha John McGovern alikuwa mtu wa Clough tangu Hartlepool. Beki Frank Clark aliachwa na Newcastle bila ada yoyote, akiwa amekwisha kupita miaka 30. Msimu wa 1976/77 wakaongezwa Peter Withe, mshambuliaji kutoka Birmingham City, na Larry Lloyd, beki wa kati kutoka Coventry City. Woodcock, ambaye alikuwa akiazimwa na timu za chini, akapewa nafasi yake. Desemba 1976 walitwaa Kombe la Uingereza na Uskoti lililoitwa Anglo-Scottish, kombe dogo ambalo halikuwashughulisha wakubwa. Kwa timu isiyozoea ushindi, hata kombe dogo hufundisha.

Hata hivyo, ligi haikuwa rahisi. Katika mechi 42, Forest walishinda 21, wakatoka sare 10 na kushindwa 11. Siku hizo ushindi ulikuwa pointi 2 na sare pointi 1, kwa hiyo jumla yao ilikuwa pointi 52. Timu iliyofungwa mara 11 haiwezi kujigamba. Aidha, hapana budi kukumbuka kwamba mpaka mwaka 1973 timu zilizopanda zilikuwa mbili tu. Nafasi ya tatu iliongezwa kuanzia msimu wa 1973/74. Kwa kanuni ya zamani Forest wangebaki chini. Na kwa kanuni iliyokuja baada yao, tangu mwaka 1987, wa tatu hulazimika kucheza mechi za mchujo.

Mei 7, 1977 Forest walimaliza ratiba yao kwa kuwafunga Millwall bao 1-0, na bao lenyewe Millwall walijifunga. Baada ya hapo hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Bolton Wanderers walikuwa bado na mechi mkononi, na wangeweza kuwapita. Mei 14 Bolton waliwakaribisha Wolverhampton Wanderers. Wolves walikuwa wamekwisha kupanda daraja. Hawakuwa na haja ya jasho. Lakini walicheza kwa haki, na Kenny Hibbitt akafunga bao pekee la mechi. Matumaini ya Bolton yakazimika. Wachezaji wa Forest walikuwa angani, ndani ya ndege ya kwenda mapumzikoni kisiwa cha Majorca. Wolves walimaliza na pointi 57, Chelsea 55, Forest 52. Bolton na Blackpool walipata 51 kila mmoja.

Ninaona fundisho kubwa hapa. Historia ya Forest iliandikwa pia na watu wa Wolves, waliofanya kazi yao vizuri siku ambayo hakuna ambaye angewalaumu kwa kuzembea. Utumishi wa kweli ni huo. Tena tusiwasahau Bolton. Mwaka 1976 walikosa kupanda kwa pointi moja, na mwaka 1977 wakakosa tena kwa pointi moja. Hawakuvunja timu. Mwaka 1978 walipanda wakiwa mabingwa wa Daraja la Pili.

Na Forest? Mwaka huo huo wa 1978 walikuwa mabingwa wa Uingereza, wakiwaacha Liverpool kwa pointi 7. Mei 1979 mjini Munich waliifunga Malmö ya Uswidi bao 1-0: Robertson alitia krosi, Trevor Francis akafunga kwa kichwa. Ukiwahesabu wachezaji 11 walioanza siku ile, angalau saba walikuwa katika kikosi kilichosumbuka Daraja la Pili: Anderson, Clark, Lloyd, McGovern, Bowyer, Woodcock na Robertson. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mlango kufunguka.

Kwenu wanafunzi mliopo shuleni leo, nasema hivi. Msimdharau aliyeshika nafasi ya tatu, wala ninyi wenyewe msikate tamaa mkiishika. Sare ya ugenini katika mvua, ambayo hakuna aliyeishangilia, ndiyo iliyoleta pointi moja iliyozidi ya Bolton. Somo moja lililorudiwa usiku, zoezi moja lililosahihishwa upya, huingia katika hesabu hiyo hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.